SOMO LA WIKI: Sheria ya awamu haimngoji mfanyabiashara

MFANYABIASHARA anaposikia kwamba sheria mpya itaanza kutumika kwa awamu, jambo la kwanza analojiuliza ni lini zamu yake itafika. Swali hilo ni la kawaida, lakini lina mtego. Sheria inaweza kuwa inafanya kazi tayari wakati ofisi ya kuisimamia haijafunguliwa, kanuni zake hazijatolewa na ada hazijapangwa. Anayengoja ofisi ifunguliwe ndipo ajipange, anaweza kukuta hesabu yake ilikwisha kuanza zamani.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, Na. 24 ya mwaka 2019, pamoja na mpango wa kitambulisho cha kidijitali uliojulikana kama Huduma Namba. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, na somo lake linamhusu mwenye benki sawa na mwenye gesti.

Hatua zilivyofuatana

Msingi wa sheria hiyo ni Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayolinda faragha ya mtu, zikiwamo habari za familia na mambo yake binafsi. Sheria yenyewe ilianza kutumika Novemba 25, 2019. Hata hivyo, Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data aliapishwa Novemba 2020, yaani mwaka mmoja baadaye. Kanuni za utekelezaji zilitungwa mwaka 2021, na uandikishaji wa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu ulianza Julai 14, 2022.

Kwa hiyo kati ya siku sheria ilipoanza na siku dirisha la uandikishaji lilipofunguliwa ilipita takriban miezi 32. Katika kipindi hicho mfanyabiashara hakuwa na mahali pa kulipia ada wala fomu ya kujaza. Lakini wajibu wa kutumia taarifa za mteja kwa kazi iliyokusudiwa, kuzitunza kwa usalama na kutozitoa ovyo ulikuwapo tangu siku ya kwanza.

Serikali nayo ilikwama

Aliyelipa gharama kubwa ya kutozingatia jambo hilo ni Serikali yenyewe. Mapema mwaka 2019, kabla ya sheria ya data kupitishwa, wananchi waliandikishwa kwa wingi katika mpango wa Huduma Namba, wakatoa alama za vidole na picha. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango unaweza kuendelea kwa sharti kwamba kwanza uwekwe utaratibu kamili wa kisheria. Mahakama hiyo pia ilikataa ukusanyaji wa vinasaba vya watu na wa vipimo vya setilaiti vya mahali wanapoishi.

Novemba 2020 Serikali ilizindua kadi za Huduma. Oktoba 14, 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi hizo. Sababu ni kwamba haikufanyika tathmini ya athari kwa taarifa za watu, ambayo Kifungu cha 31 cha sheria ya mwaka 2019 kinaitaka kabla ya kazi yenye hatari kubwa kuanza. Hoja kwamba taarifa zilikusanywa kabla ya sheria kuwapo haikusaidia. Mahakama iliona kwamba sheria hiyo inatekeleza haki ambayo Katiba ilikwisha kuitoa mwaka 2010.

Mwaka 2023 Serikali ilirudi na mpango mwingine uitwao Maisha Namba, nao ukasimamishwa kwa muda na mahakama Desemba mwaka huohuo. Ikiwa Serikali, pamoja na wanasheria wake wote, ilirudishwa nyuma kwa sababu ya tathmini ambayo haikufanyika, mwenye duka hana sababu ya kuamini kwamba daftari lake la zamani la wateja halimhusu.

Nani lazima ajiandikishe

Kanuni za uandikishaji zinamsamehe mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki Sh. 5,000,000 za Kenya na ambaye ana wafanyakazi pungufu ya 10. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa msamaha huo hauzihusu biashara zote. Hauzihusu shule, huduma za afya, hoteli na nyumba za wageni, usafirishaji wa abiria, huduma za fedha, michezo ya kubahatisha, usimamizi wa nyumba za kupanga, wala wanaotumia kamera za usalama. Wote hao huandikishwa hata wakiwa wadogo.

Tuseme kuna gesti ya vyumba 8 huko Voi yenye wafanyakazi 4 na mauzo ya Sh. 3,000,000 kwa mwaka. Kwa kipimo cha ukubwa ingesamehewa. Kwa kipimo cha kazi yake inatakiwa kujiandikisha, maana kila usiku inaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya mgeni.

Hesabu ya gharama

Katika kanuni za mwaka 2021, ada ya kuandikisha biashara ndogo ni Sh. 4,000, ya kati Sh. 16,000 na kubwa Sh. 40,000. Cheti hudumu miezi 24, na biashara ndogo hukihuisha kwa Sh. 2,000. Kwa gesti ya mfano wetu, miaka 4 ya kwanza ni Sh. 6,000, sawa na Sh. 125 kwa mwezi. Gharama hiyo haiwezi kuitikisa biashara.

Upande wa pili wa mizani, faini ya kiutawala haizidi Sh. 5,000,000 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho pungufu. Kwa gesti hiyo asilimia 1 ni Sh. 30,000. Mwenye mali anaweza kuiona kiasi hicho akasema heri angoje akamatwe. Hesabu hiyo ina upungufu. Mtu aliyeumizwa na matumizi mabaya ya taarifa zake ana haki ya kudai fidia, ambayo ni suala tofauti na faini. Na kwa makosa ya jinai yasiyotajiwa adhabu mahususi, sheria inataja faini ya hadi Sh. 3,000,000, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Adhabu zilizotangazwa na Ofisi ya Kamishna Septemba 2023 zinaonyesha makosa yenyewe yalivyo ya kawaida. Mkopeshaji wa kidijitali alitozwa Sh. 2,975,000 baada ya watu kulalamikia ujumbe wa vitisho uliotumwa kwa namba zilizopatikana kwa wengine. Klabu ya starehe ilitozwa Sh. 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao bila ridhaa yake. Shule ilitozwa Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Katika matukio hayo matatu hakuna mtambo uliovunjwa na wezi. Ni picha na namba za simu, vitu ambavyo kila biashara inavyo.

Wauzaji walioko nje ya Kenya

Sheria hii haiishii Namanga wala Busia. Inamgusa pia mkusanyaji asiye na ofisi Kenya, mradi anachakata taarifa za watu walioko Kenya. Muuzaji wa Arusha anayepokea oda na namba za simu za wateja wa Nairobi hana budi kulijua hilo.

Nyumbani kwake nako awamu ni zilezile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Muda wa kujisajili uliokuwa uishe Desemba 2024 ulisogezwa hadi mwisho wa Aprili 2025. Kusogezwa huko kulihusu usajili. Sheria yenyewe ilikuwa kazini tangu mwaka 2023.

La kufanya

Mfanyabiashara aliyeko Kenya anaweza kuanza kwa kazi hizi, hata kabla ya kumwita mwanasheria:

1. Aorodheshe taarifa zote za watu alizonazo: daftari la wageni, simu ya ofisi, kompyuta, nakala za vitambulisho kabatini. Kando ya kila moja aandike inatumika kwa kazi gani. Isiyo na kazi, na ambayo hakuna sheria nyingine inayodai itunzwe, iharibiwe.

2. Aache kupiga nakala ya kitambulisho pale ambapo kukitazama tu kunatosha.

3. Ujumbe wa matangazo utumwe kwa walioridhia, na uwe na njia rahisi ya kujitoa.

4. Ateue mfanyakazi mmoja wa kupokea maombi. Mteja akitaka kujua taarifa zake zilizotunzwa, kanuni zinatoa siku 7 za kumjibu.

5. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Wakala anayechakata kwa niaba ya mwingine amjulishe aliyemtuma ndani ya saa 48. Namba za simu za kupiga siku hiyo ziandikwe sasa na zibandikwe ukutani.

6. Anayetakiwa kujiandikisha aandike tarehe ya mwisho wa cheti chake kwenye kalenda ileile ya leseni na kodi.

Kazi ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, kwa duka la kawaida huchukua siku moja ya kuhesabu mali. Wengi huifanya kila mwisho wa mwaka kwa bidhaa za rafuni. Mwaka huu kabati la makaratasi liongezwe kwenye orodha.