Minyoo ya Tumbo na Safura: Jinsi ya Kuitambua na Kuizuia

Matuu, katika nchi ya Machakos, ni mahali penye jua kali na mvua chache. Lakini Mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari, huleta maji ya Mto Thika mpaka huko, na kando yake watu hulima mboga na matunda. Maji hayo ni baraka. Hata hivyo yafaa kila mkulima ajue kwamba udongo wenye unyevu na kivuli, unaositawisha mboga zake, huilea pia minyoo, ikiwa watu huenda haja vichakani au shambani.

Minyoo ya tumbo ni ya namna nyingi, na miwili yafaa ijulikane kwanza. Wa kwanza ni mchango. Huyu ni mweupe na mviringo, na huweza kufikia urefu wa sentimeta 30. Jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na choo, hukaa udongoni, kisha huingia kinywani kwa mikono michafu, au kwa mboga mbichi zisizooshwa. Michango ikiwa mingi huweza kuziba utumbo wa mtoto na kumwua.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Urefu wake ni kama sentimeta 1 tu, lakini hujishikiza ndani ya utumbo na kunyonya damu. Mayai yake huanguliwa udongoni, na baada ya siku 5 hadi 10 watoto wake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndipo hufika tumboni. Jambo hili lilijulikana katika miaka ya 1890, wakati mtaalamu Mjerumani Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alipodondokewa mkononi na maji yenye vijidudu hivyo. Mkono ulimwasha, na baada ya majuma kadhaa akaona mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe.

Dalili zake ni hizi. Nyayo huwasha mahali minyoo ilipoingia. Baadaye tumbo huuma, mtu huchoka upesi, moyo humdunda akipanda mlima, na ndani ya kope na viganja huwa peupe. Wengine hutamani kula udongo. Mara nyingi mtoto wa namna hii huitwa mvivu na kuadhibiwa shuleni, kumbe damu imempungua. Naye mama mja mzito aliyepungukiwa na damu huwa katika hatari kubwa siku ya kujifungua. Lakini wengi hawaonyeshi dalili yo yote. Kwa hiyo njia ya hakika ni kupeleka choo kidogo hospitali kikapimwe kwa darubini.

Dawa ipo, na si ghali. Kidonge kimoja cha albendazole huua michango, na hupunguza sana minyoo ya safura. Katika Kenya dawa hii imegawiwa watoto wa shule katika sehemu nyingi tangu mwaka 2009. Mtoto mdogo na mwanamke mwenye mimba wasipewe ila kwa shauri la mganga wa hospitali. Tena ijulikane kwamba kichocho, ambacho huingia mwilini mtu akioga au akivuka maji yenye konokono wake, hakiponi kwa dawa hiyo. Kina dawa yake, nayo ni praziquantel.

Lakini dawa haimzuii mtu kuambukizwa tena. Kumpa mtu dawa na kumwacha bila choo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Basi kila nyumba ishike mambo haya:

1. Chimbeni choo cha shimo, kisipungue mita 30 kutoka kisimani, wala kisiwe upande wa juu wa maji. Watu wote wakitumie, hata watoto.
2. Nawaeni mikono kwa sabuni kila mtokapo chooni, na kabla ya kupika na kula.
3. Vaeni viatu, hasa katika mashamba yanayomwagiliwa maji.
4. Osheni mboga na matunda kwa maji safi, na maji ya kunywa myachemshe.
5. Msitie kinyesi kibichi cha watu shambani kuwa mbolea.

Mtu mmoja akichimba choo na jirani yake asichimbe, watoto wa wote wawili hukanyaga udongo ule ule. Kwa hiyo kazi hii ni ya kijiji kizima.