Moto wa bayogesi unazimika

Swali: Tangu nianze kulisha mtambo pumba na viporo vya ugali badala ya kinyesi cha ng'ombe, moto hauwaki na tope lina harufu ya uchachu. Kwa nini?

Jibu: Umewalemea vijidudu wa hatua ya mwisho. Bakteria hugeuza wanga kuwa asidi upesi sana. Wengine huzigeuza kuwa asetati na hidrojeni, chakula cha arkea, vijidudu wanaozalisha methani, gesi inayowaka. Arkea hao huzaliana polepole, na pH ikishuka chini ya 6.5 hudhoofika. Asidi hurundikana, kabonidayoksaidi huzidi, moto hukataa.

Acha kulisha kwa siku kadhaa, pima pH, kisha rudisha kinyesi kibichi kidogo kidogo. Kina arkea hai. Tafadhali usimwage tope lote: arkea waliosalia wamo humo.