Foleni ya Marubani: Somo la Namba ya Ukongwe

Wanachuo wenzangu, kila mwanzo wa mwaka tunayajua mambo ya vyumba vya hosteli. Vyumba vichache, waombaji kibao, na maneno hayakosi: fulani kapata kwa sababu anajuana na fulani. Leo tuwaangalie watu walioamua kuumaliza ugomvi wa namna hii kwa kanuni moja tu, halafu tuone kanuni hiyo imewagharimu nini. Watu hao ni marubani wa mashirika makubwa ya ndege ya Marekani.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Siku unayoajiriwa unapewa namba. Kama shirika lina marubani 10,000, wewe mgeni ndiye wa 10,000. Hupandi kwa kusifiwa na bosi, wala kwa shahada ya pili. Unapanda pale tu aliye mbele yako anapostaafu, anapoacha kazi au anapofariki. Hiyo ndiyo namba ya ukongwe, na karibu kila kitu katika maisha ya rubani huombwa kwayo: aina ya ndege, kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, mji wa kituo, ratiba ya mwezi, hata wiki ya likizo.

Tuchukue mfano. Tuseme imetangazwa nafasi moja ya kapteni wa Airbus A320, kituo New York. Wameomba watatu: namba 3,200, namba 4,100 na namba 6,000. Anachukua wa 3,200, ilimradi afaulu mafunzo ya ndege hiyo. Hakuna usaili wala barua ya mjomba.

Lakini ngoja kwanza. Huyu bwana alipokuwa rubani msaidizi alikuwa karibu na kichwa cha orodha ya wasaidizi wenzake. Alichagua safari alizozitaka, na Krismasi alikuwa nyumbani. Sasa ni kapteni, mshahara umepanda, ila kati ya makapteni yeye ndiye wa mwisho. Anapewa zamu za kusubiri: anakaa karibu na simu, akipigiwa anakwenda. Sikukuu zote ni zake. Ndiyo maana wapo marubani wanaokataa kupanda cheo. Mwaka 2023 shirika la United lilijikuta na nafasi nyingi za ukapteni zisizo na mwombaji, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa nini basi waung'ang'anie mfumo huu? Wanaoutetea wana hoja nzito. Kapteni akiona ndege si salama, anatakiwa akatae kuiruka hata kama abiria wamekwisha kaa na meneja amekunja uso. Kama meneja huyo ndiye anayegawa vyeo na ratiba nzuri, kapteni atafikiria mara mbili. Namba inamwondolea hofu hiyo. Kwa hiyo foleni hii inamlinda hata abiria ambaye hajawahi kuisikia.

Sasa tuje kwenye gharama. Ya kwanza: namba haihamishiki. Ukiwa na miaka 20 kazini ukahamia shirika lingine, kwa kawaida unaanza mkiani, na mshahara wa mgeni. Shirika la Eastern liliposimama mwaka 1991, kapteni wake aliyetaka kuendelea kuruka kwingineko alikuwa anarudi nyuma ya vijana. Uzoefu wake ulibaki kichwani, foleni yake ilikwisha.

Ya pili: sheria ikibadilika, foleni nzima inasimama. Kwa miaka mingi rubani wa mashirika haya alilazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Desemba 2007 umri ukapandishwa hadi 65. Kwa mzee aliyekaribia kuondoka ilikuwa furaha. Kwa kijana aliyekuwa akihesabu nafasi za wastaafu, mlango ukafungwa, na mwaka uliofuata uchumi ukaanguka. Tarehe ya kuzaliwa kwa sheria ile iliwapa wengine na kuwanyima wengine, na hakuna aliyefanya kosa.

Ya tatu ndiyo chungu zaidi: mashirika yakiungana, nani anakaa mbele ya nani? Mwaka 2005 US Airways iliungana na America West. Marubani wa US Airways walikuwa wakongwe zaidi, lakini shirika lao lilikuwa limefilisika mara mbili na wengi wao walikuwa wamesimamishwa kazi. Wale wa America West walikuwa wachanga, ila kazi walikuwa nayo. Wakongwe wakasema: tarehe ni tarehe. Vijana wakajibu: asiye na kiti hawezi kumpita aliyekaa kitini.

Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau akaamua: waliosimamishwa wawekwe chini ya waliokuwa kazini, hata wale wenye miaka zaidi ya 15. Wakongwe, ambao kura zao zilikuwa nyingi, wakakataa. Mwaka 2008 wakakiondoa chama chao cha wafanyakazi na kuunda kingine. Kesi zikaenda mahakamani. Shirika lilipoungana na American mwaka 2013, marubani hao walikuwa bado hawana orodha moja. Miaka yote hiyo mkataba wa pamoja ulikwama, na nyongeza ya mshahara ikakwama nao. Pande zote mbili zilikula hasara.

Somo tunalolipata ni hili. Foleni ni ya haki maadamu watu wote wameingia kwa mlango mmoja. Zikikutana foleni mbili, tarehe peke yake haitoshi. Lazima watu wakae chini, na kila upande ukubali kupoteza kitu. Na wewe unayetafuta ajira, usiulize mshahara tu. Uliza nafasi zinagawanywaje, na ukiondoka utaondoka na nini.

Maswali ya kujadili na wenzako:

1. Ungekuwa msuluhishi mwaka 2007, ungemweka nani mbele, na ungemwambia nini aliye nyuma?

2. Je, ungekubali kuwa kapteni wa mwisho, au ungebaki msaidizi wa kwanza?

3. Vyumba vyetu vya hosteli vigawanywe kwa tarehe ya maombi, kwa mwaka wa masomo, au kwa hali ya mwanafunzi? Kanuni utakayoichagua, nani ataumia?