SOMO LA FIZIKIA: FOTO ZENYE KUKIMBIZA SAA



Nani kati yenu amekwisha kuona jua likitembea? Tunaliona limetoka juu ya ziwa, upande wa Burundi, halafu tunaliona limefichama nyuma ya milima. Mwendo wenyewe macho hayaushiki. Lakini aparei ya foto ya kidijitali, hata ile ndogo ya bei ya chini, inaweza kutuonyesha.

Kazi iko hivi. Aparei inakaa mahali pamoja juu ya mfuko wa mchanga, inapiga foto moja, inapumzika, inapiga ingine. Kisha ordinatere inazipitisha foto 24 kwa kila sekunde. Ukipiga kila sekunde 10, saa nzima inakupa foto 360. Gawanya kwa 24, unapata filamu ya sekunde 15.

Juu ya nini sekunde 10, na si dakika 2? Dunia inageuka digrii 15 kwa saa, na jua kwa macho yetu lina upana wa karibu nusu digrii. Basi kwa dakika 2 limekwisha kuhama upana wake wote, na katika filamu litaruka kama chura. Mawingu yanataka sekunde 5 ao hata 3. Maharagi yanayoota, dakika 10 zinatosha.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza niliacha kila kitu automatiki. Nilikaa pwani saa tatu nzima, watoto wakinizunguka, na betri nililipia kuishaji. Filamu ilipotoka, ilipepesa kama taa yenye kuishiwa mafuta: foto moja nyeupe, ya pili nyeusi. Kila wingu lilipopita, aparei ilipima mwangaza upya! Kwa hiyo muweke mwangaza kwa mkono, rangi muchague ile ya jua, na umbali usibadilike. Fulashi izimwe. Musichukue foto kubwa kupita kiasi: filamu ya 1920 kwa 1080 haihitaji zaidi ya nukta milioni 2 hivi, na kadi itajaa bure. Kwa Canon PowerShot nyingi kuna programu ya bure, CHDK, inayokaa ndani ya kadi na kuifanya aparei ipige yenyewe. Mwenye kuikosa atumie saa ya mkono na kidole, pamoja na kile kitufe cha kungoja sekunde 2, ili kidole kisitikise.

Kuna mwendo mwingine, wa polepole kuliko jua, na huo ndio unaoniuma. Mama mmoja mwenye shamba la mihogo karibu na maji aliniuliza kama ziwa litarudi nyuma. Jirani yake anasema maji yalikuwa pale tangu zamani. Mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika ilipanda hata kuingia nyumba za watu Uvira na Bujumbura. Na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Badala ya kubishana, tupige foto moja kila asubuhi saa moja, kutoka jiwe lilelile, na ndani ya maji tusimamishe mti wenye alama za rangi kila sentimeta 10. Musiruke siku. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki unaleta mawimbi. Siku hizo piga foto tano, tutachagua. Mwaka ukiisha tutakuwa na foto 365. Tukizipitisha 8 kwa sekunde, ni karibu sekunde 46, na mama yule atakaa mbele ajionee mwenyewe.

Angalisho: musielekeze aparei kwa askari wala kwa bariere. Kambini pia, pasipo ruhusa, hapana. Wale ndugu waliotoka Burundi si mawingu.

Zoezi: Jua linazama kwa dakika 40 na tunataka filamu ya sekunde 20. Tupige kila sekunde ngapi? Majibu yaletwe juma tatu, kwa karatasi safi.