Unauza mtandaoni? Piga hesabu hizi kabla ya kuchagua kampuni ya malipo

Mteja ameona viatu kwenye Instagram yako saa nne usiku. Ameuliza bei, ameuliza saizi, kisha akaandika: "Sawa, nalipa wapi?" Mauzo mengi ya mtandaoni hupotea hapo. Ukimpa nambari yako ya kibinafsi, anasita kwa sababu hakujui. Ukimtumia kiungo kinachomtaka ajaze jina, barua pepe, anwani na nambari ya kadi, anaweka simu chini na kulala. Kesho amesahau.

Swali ambalo wauzaji wadogo huuliza kwanza ni hili: kampuni gani ina ada nafuu? Sisi wenyewe ni kampuni ya malipo, kwa hivyo soma makala haya ukilijua hilo. Hata hivyo tunaamini ada si jambo la kwanza kuangalia, na tunajua kuna biashara ambazo kwa sasa hazihitaji kampuni ya kupitishia malipo hata kidogo.

Wateja wako hulipaje?

Chukua daftari uandike wateja wako ishirini wa mwisho. Walikuwa wapi, na walilipa kwa njia gani? Ukiona kumi na tisa wako Kenya na wote walilipa kwa simu, basi tovuti yenye kupokea kadi za dunia nzima ni gharama unayoibeba kwa ajili ya mtu mmoja.

Anayeuza kupitia WhatsApp, Facebook au TikTok, oda tano hadi kumi kwa siku, mara nyingi anatosheka na Till ya Lipa na M-PESA au Pochi la Biashara. Pochi hukaa kwenye laini yako ile ile, lakini hutenganisha pesa za biashara na za nyumbani. Mteja hulipa ada ya kutuma kama kawaida. Kwa Till mambo ni kinyume: mteja hakatwi kitu, wewe muuzaji ndiye hukatwa kiasi kidogo. Mtu anayenunua hereni za shilingi 150 huiona tofauti hiyo haraka.

Paybill ina jambo moja ambalo Till haina, nalo ni sehemu ya kuweka nambari ya akaunti. Mpe kila mteja nambari ya oda aiandike hapo, na jioni utajua nani amelipia nini bila kupekua meseji moja moja. Pia Paybill hukuwezesha kuchagua nani abebe ada: wewe, mteja, au mgawane. Ukipata oda thelathini kwa siku, utafurahi kwamba ulifanya hivyo mapema.

Kampuni ya kati huanza kuwa na maana pale unapokuwa na tovuti yenye kikapu cha ununuzi, au wateja wa njia mbalimbali (M-PESA, Airtel Money, kadi, benki), au ndugu zetu wa ughaibuni wanaotaka kumnunulia mama zawadi iliyo Nairobi huku wao wako Marekani. Hapo unahitaji mtu mmoja akukusanyie malipo yote na kukupa ripoti moja.

Asilimia ya bei si asilimia ya faida

Hapa ndipo tungependa ukae kidogo. Tuseme unauza viatu vya mtumba. Umenunua jozi Gikomba kwa KSh 1,400, umeisafisha na kuitia kwenye mfuko kwa KSh 50, na tangazo pamoja na bando zimekula KSh 150. Unaiuza KSh 2,000. Faida yako ni KSh 400.

Sasa kampuni inakuambia inakata asilimia 3.5 kwa kila malipo ya kadi. Inasikika kama kitu kidogo. Lakini asilimia 3.5 ya 2,000 ni KSh 70, na 70 kutoka kwa 400 ni asilimia 17.5 ya faida yako. Karibu moja ya tano imeenda kabla hujatoa hata nauli ya kurudi sokoni.

Geuza mfano. Kampuni nyingine haikati asilimia, inakata KSh 20 kwa kila malipo. Kwa jozi ya 2,000 hiyo ni nafuu sana. Lakini kwa zile hereni za 150, ishirini ni zaidi ya asilimia 13 ya bei yote. Kwa hivyo hakuna "kampuni ya bei nafuu" kwa wote. Kuna iliyo nafuu kwa bei ya bidhaa zako. Piga hesabu kwa bidhaa unayoiuza mara nyingi zaidi, usiipige kwa ile ghali uliyoiweka juu ya ukurasa ili ivutie macho.

Na usiishie kwenye ada ya kupokea. Uliza pia: nikitoa pesa kwenda benki au kwenye simu, nakatwa ngapi? Kuna ada ya kila mwezi hata nisipouza? Nikimrudishia mteja pesa kwa sababu saizi haikumtosha, je, ile ada ya kwanza mnanirudishia? Kwa kampuni nyingi jibu la swali hili la mwisho ni hapana. Kwa mfano wetu, kila jozi inayorudi inakuachia hasara ya KSh 70, mbali na pesa za rider.

Kwa malipo ya kigeni, ada iliyoandikwa ni nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine imo kwenye kiwango cha kubadilishia. Ikiwa benki zinanunua dola kwa KSh 129 na kampuni inakuhesabia 125, umepoteza shilingi nne kwa kila dola, na hakuna mahali popote itaandikwa "ada". Dola 100 zikiingia, 400 zimetoka. Tangu 2018 imewezekana kutoa pesa za PayPal kwenda M-PESA, na huduma hiyo imewafaa wengi, ila hata huko angalia kwanza kiwango utakachopewa siku hiyo, ndipo ubonyeze kitufe cha kutoa.

Pesa zitafika lini?

Mwenye duka kubwa anaweza kusubiri. Wewe ambaye mtaji wote ni KSh 30,000 huwezi.

Angalia wiki moja. Ijumaa jioni umeuza jozi saba, KSh 14,000. Kampuni yako hulipa "baada ya siku mbili za kazi". Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Hesabu inaanza Jumatatu, na pesa zinakufikia Jumanne jioni, au Jumatano asubuhi. Jumamosi ulitaka kwenda sokoni kuchagua mzigo mpya, lakini karibu nusu ya mtaji wako imelala kwenye akaunti ya mtu mwingine. Ukikosa soko mara moja kila wiki, mwisho wa mwezi umekosa mara nne. Hasara hiyo hutaiona kwenye ripoti yoyote ya ada.

Kwa sababu hiyo, kampuni inayokata kidogo zaidi lakini inakulipa siku hiyo hiyo inaweza kuwa bora kwako kuliko ile ya bei ya chini. Uliza kwa maneno ya wazi: "Mteja akilipa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, nitaweza kuzitoa lini?" Usikubali jibu la "haraka".

Soma pia kama mkataba unawaruhusu kuzuia pesa. Biashara iliyozoea kupokea KSh 5,000 kwa siku ikipokea ghafla 90,000, mitambo ya kuchunguza ulaghai huamka. Mara nyingi ni kwa sababu umetangaza ofa ya Disemba na mambo yamekubali, lakini mtambo haujui hilo. Wapigie simu kabla ya ofa, uwaambie unatarajia mauzo kupanda. Weka picha za mzigo na sahihi au meseji za waliopokea. Tunasema hivi tukiwa upande wa pili wa simu: akaunti yenye ushahidi hufunguliwa mapema kuliko ile ambayo mwenyewe anasema tu "ni pesa zangu".

Malipo yanaweza kurudi

Wauzaji waliozoea pesa za simu hudhani pesa ikishaingia imeingia. Si kila mara.

Ukipokea kwenye laini ya kibinafsi, mtumaji anaweza kupeleka ile meseji ya M-PESA kwa 456 na kuomba muamala urudishwe. Wengi hufanya hivyo kwa sababu kweli wamekosea nambari. Wachache hufanya hivyo mzigo ukiwa tayari umeondoka na boda. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutotumia laini ya nyumbani kwa biashara.

Kwa kadi, mteja anaweza kuiambia benki yake kwamba hakununua, au hakupokea kitu, na mara nyingi ana hadi siku 120 za kulalamika. Benki ikikubaliana naye, pesa zinatolewa kwako hata kama ulishazitumia. Uliza kampuni: nikipingwa, nina siku ngapi za kujibu, na mnanitoza ada ya mzozo huo? Hapa pia ndipo risiti, nambari ya oda na picha ya mteja akipokea mzigo huwa na thamani ya pesa taslimu.

Halafu kuna ile ya zamani: mteja anakutumia picha ya skrini, "Nimelipa, cheki." Usicheki picha. Cheki salio lako au ripoti ya akaunti yako. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Ukiuza kwa mpango wa "lipa ukipokea", mfundishe rider wako asiachilie mzigo hadi wewe umwambie pesa zimeingia.

Jina linalotokea kwenye simu ya mteja

Hili dogo husahaulika. Ukitumia kampuni ya kati, mara nyingi kidirisha kinachomwomba mteja PIN huonyesha jina la kampuni hiyo, si la duka lako. Mteja aliyeonywa kila siku kuhusu matapeli anaona jina asilolijua na anabonyeza "ghairi". Uliza kama jina lako linaweza kuonekana. Ikiwa haliwezekani, mwandikie mteja kabla: "Utaona jina fulani, ni kampuni inayotupokelea malipo." Sentensi hiyo moja huokoa oda.

Leseni

Kenya, kampuni za malipo husimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011. Benki Kuu huchapisha orodha ya kampuni ilizoziidhinisha kwenye tovuti yake. Tafuta jina kamili la kampuni, lile lililo kwenye mkataba, usitafute lile la kwenye matangazo. Usipoliona, uliza wanafanya kazi chini ya leseni ya nani. Hili linatuhusu na sisi pia, tuulize.

Na hakuna kampuni halali itakayokuomba PIN yako, hata anayekupigia akikutajia jina lako lote na salio lako.

Ijaribu kabla hujaitangaza

Kabla ya kuweka njia mpya kwenye ukurasa wako, jinunulie kitu mwenyewe. Tumia simu ya bei ya chini na bando la kawaida, si intaneti ya ofisini. Lipa KSh 100. Hesabu mara ngapi umebonyeza hadi mwisho. Je, ukikosea PIN, unaweza kujaribu tena au oda imepotea? Kisha toa hizo pesa uone zinafika baada ya muda gani na zimebaki ngapi. Jirudishie pia, uone ugumu wake.

Baadaye, Jumamosi saa mbili usiku, piga nambari yao ya huduma kwa wateja. Wateja wako wa mtandaoni hununua saa hizo, na matatizo hutokea saa hizo. Kama hakuna anayepokea, umepata jibu kabla halijakugharimu.

Ukihamia kampuni nyingine, usifunge ile ya zamani siku hiyo hiyo. Pakua kwanza ripoti zako zote, maana utazihitaji kwa hesabu za kodi, na akaunti ikifungwa huenda usizipate tena. Iache wazi miezi minne hivi, hadi muda wa wateja wa kadi kulalamika upite. Na usisahau kubadilisha kile kiungo cha malipo ulichokibandika kwenye posti za mwaka jana, kwa sababu kuna mtu bado anazisoma.