Istilahi za Deki na Diski: Namna ya Kuzisoma

Mtu anunuaye deki katika soko la Rumonge hukabidhiwa, pamoja na mashine na rimoti yake, msamiati mzima ulioandikwa juu ya kasha, nyuma ya mashine na ndani ya menyu. Na kwa kuwa hapana wa kumfasiria, huudhania kuwa ni pambo la kiwandani, hata siku ile picha inapokosa rangi au sauti inapopotea, hukata shauri kwamba deki imekufa, akaiuza kwa hasara. Mimi huzitazama deki za majirani katika mji huu, na ushahidi wangu ni kwamba nyingi ziletwazo kwa tuhuma ya ubovu ni nzima, ila mwenyewe hakujua maana ya neno moja au mawili. Istilahi hizo, kwa wingi wake wote, hujibu maswali manne, nami huyauliza kwa taratibu hii: diski ni ya aina gani, imeruhusiwa kuchezwa wapi, picha yake ni ya mfumo upi, na sauti yake hutoka kwa njia ipi.

Kuhusu aina, umbo halimsaidii mtu, maana CD, VCD na DVD zote zina upana wa sentimita 12. CD ya muziki, iliyoingia madukani mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. VCD ni CD ile ile iliyotiwa picha zilizobanwa kwa kanuni ya MPEG-1, nukta 352 kwa 288, ndiyo sababu filamu moja huhitaji diski mbili na picha yake huwa na ukungu katika televisheni kubwa. DVD, iliyotokea Japani mwaka 1996, hubeba gigabaiti 4.7 katika tabaka moja, na picha ya nukta 720 kwa 576 iliyobanwa kwa MPEG-2. Basi ukiona diski inayonadiwa kuwa ina filamu nane, fahamu kwamba biti zilizostahili filamu moja au mbili zimegawiwa nane, na miraba itokeayo penye vita au mawimbi si kosa la deki wala la televisheni.

Swali la pili huwahusu zaidi wenye jamaa ughaibuni. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo: Marekani na Kanada ni eneo la 1, Ulaya na nchi za Ghuba ni la 2, na sehemu kubwa ya Afrika, Burundi ikiwamo, ni la 5. Tarakimu hiyo huchapwa ndani ya mchoro wa tufe, na deki iliyofungiwa eneo moja hukataa diski ya jingine. Kwa hiyo tafuta deki yenye neno ALL. Diski zinazorekodiwa na wapiga picha wa harusi hazina kufuli hiyo.

Lakini hizo nazo zina mtihani wake, nao ni mfumo wa picha. Katika zama za analogi, Burundi na Kongo zilifuata SECAM ya Kifaransa, ilhali Zanzibar, iliyoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, ilifuata PAL, na Amerika ya Kaskazini ilishika NTSC. DVD haijui SECAM. Huandikwa ama kwa mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde kama PAL, ama kwa mistari 480 na fremu zipatazo 30 kama NTSC. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliletewa diski ya harusi kutoka Kanada, na katika televisheni yake ya zamani picha ikawa nyeusi na nyeupe, ikipanda juu bila kutulia. "Mjukuu wangu," akaniambia, "bibi harusi nimemwona, lakini nguo yake siijui rangi." Nikaitoa diski, nikabonyeza SETUP, nikaenda kwenye TV TYPE, nikabadilisha AUTO kuwa PAL, kisha nikairudisha: picha ikatulia, na hina ya mikononi ikaonekana dhahiri.

Sauti ndiyo yenye hila kuliko yote. Alama ya 5.1 ina maana ya njia tano kamili na moja ya besi, na maneno ya waigizaji kwa kawaida hutiwa katika njia ya katikati. Kwa hiyo mtu mwenye deki ya matundu sita, aliyeunganisha sabufa yake kwa mawili tu ya mbele, husikia muziki na milio ya bunduki, ilhali vinywa vinacheza bila neno. Dawa yake ni kuingia katika menyu ya sauti, penye DOWNMIX, na kuchagua STEREO, ili njia zote zikusanywe katika hizo mbili. Aidha, televisheni ikiwa bubu kwa waya wa HDMI, badilisha RAW, ambayo hutoa sauti ikiwa bado imebanwa, uweke PCM, ambayo huitoa ikiwa imekwisha kufunguliwa.

Kuhusu nyaya, manjano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto na nyekundu ni ya kulia. Ila deki yenye matundu ya kijani, buluu na nyekundu yaliyofuatana hutumia hiyo nyekundu kwa picha, usiichanganye na ya sauti. Soma pia volti: deki ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake itaungua kwa umeme wetu wa 220. Na katika mji huu wa mawese, vidole huacha mafuta juu ya diski. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka tunduni kwenda ukingoni, wala usizungushe.

Kwa hiyo, uendapo kununua, chukua diski zako mbili, moja ya Tanzania na moja ya ughaibuni, umwombe muuzaji azicheze zote mbili mbele yako, na ulipe pale tu utakapoona rangi na kusikia mazungumzo katika kila moja.