Milimita Kumi na Saba

Picha ya kwanza niliyompiga Kahawa haina mbwa. Ina nyasi, ina ukuta wa mawe wa huku kaskazini mwa Uingereza, na katikati ina mchirizi mweusi mrefu, kama mtu aliyepangusa masizi ya sufuria kwa kidole. "Shemeji, umepiga moshi," mke wa kaka yangu alisema, akacheka hadi akashika mbavu. Nilitaka kuilaumu kamera. Kamera haikuwa na kosa. Hesabu ndiyo niliyoiruka, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Kahawa ni greihaundi, mbwa wa mbio aliyestaafu. Ukoo wake ni mkubwa: wamo wipeti, galgo wa Hispania, saluki wa Arabuni, azawakh wa Sahel. Wote huwinda kwa macho. Mbwa wa kunusa huinamisha pua na kufuata harufu hata nusu siku. Hawa humwona sungura akitikisa sikio upande wa pili wa uwanja, wakafyatuka, na katika nusu dakika shughuli imekwisha kwa namna moja au nyingine. Waingereza waliigeuza kasi hiyo kuwa kamari. Tarehe 24 Julai 1926, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, mbwa waliachiwa kumfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mashine, na mchezo ukaenea nchi nzima. Mbwa huanza kukimbizwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Akifika miaka minne au mitano kasi imepungua, au kifundo cha mguu kimevunjika kwenye kona, ilhali umri wake unaweza kufika miaka 12 na zaidi. Miaka hiyo iliyobaki ataishi wapi? Wapo watu wanaowachukua wastaafu hawa, kuwatibu na kuwatafutia familia. Jambo la kwanza ambalo familia huliona ni picha, na mimi, kwa kuwa nina kamera, nikajikuta kila Jumamosi kwenye mabanda yao.

Tuanze na kamera, basi. Ndani yake mna pazia dogo ambalo wapiga picha huliita shata. Likifunguka, mwanga huingia na kuchora. Likifunga, mchoro umekwisha. Kitu kikisogea wakati pazia liko wazi, huchorwa kila mahali kilipopita. Ule ukungu unaouona kwenye picha mbovu ni njia: ni umbali ambao kitu kilikwenda kabla pazia halijafunga. Na umbali, kama mwalimu alivyoandika ubaoni, ni kasi mara muda.

Greihaundi mzima hupita kilomita 60 kwa saa. Tuchukue 61, maana inagawanyika vizuri: ni mita 17 kila sekunde. Jioni ile ya mawingu kamera yangu ilijichagulia shata ya 1/60, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde. Gawanya 17 kwa 60, unapata sentimita 28. Mwili wa Kahawa, toka puani hadi shina la mkia, una kama mita moja. Kwa hiyo alichorwa juu yake mwenyewe kwa zaidi ya robo ya urefu wake. Kweli nilipiga moshi. Kwa 1/250 angesogea karibu sentimita 7. Kwa 1/1000, milimita 17.

Milimita 17 ni kidogo au ni nyingi? Jibu liko kwenye karatasi. Chapisha picha yenye upana wa sentimita 15, mbwa akiwa amejaza nusu yake. Mita moja ya mbwa sasa ni sentimita saba na nusu, na zile milimita 17 zimekuwa milimita moja na robo. Jicho la mtu huliona hilo bila miwani: manyoya yamelainika, kope hazipo. Ukiharakisha shata hadi 1/4000, anasogea milimita 4 tu, na karatasini inabaki unene wa mstari wa penseli. Hapo ndipo mishipa ya paja inaanza kuhesabika.

Bei yake hulipwa kwa mwanga. Kutoka 1/60 hadi 1/4000 umekata muda karibu mara 67, na mwanga umekatika vilevile. Unaweza kupanua tundu la lenzi, unaweza kuipandisha kamera wepesi wake wa kuhisi mwanga na kuvumilia chembechembe, lakini mwanga wa Novemba wa huku, unaoaga saa kumi alasiri, hauna akiba ya kukopesha. Watu wa pwani tunaolalamikia jua la saa sita mchana hatujui tulichopewa.

Zipo njia mbili za kukwepa deni hilo. Ya kwanza ni kubadili mahali unaposimama. Kile kisogeo cha milimita 17 huonekana chote endapo mbwa anakatiza mbele yako. Akikujia moja kwa moja kutoka mita 20, amesogea milimita 17 kati ya milimita 20,000. Kwenye picha amekua kwa chini ya sehemu moja ya elfu. Ukungu umetoweka, na shata hukuigusa. Taabu imehamia kwenye fokasi, maana sekunde moja baadaye yuko mita tatu kutoka magotini mwako, na greihaundi wa kilo 30 hana breki za kusifiwa. Nimewahi kuangushwa. Nyasi zilikuwa na maji.

Njia ya pili ni kugeuka naye. Kisogeo hupimwa dhidi ya kamera, si dhidi ya ardhi. Ukizungusha kiuno kwa mwendo uleule anaopita, kwa kamera mbwa amesimama na ukuta ndio unaokimbia. Hata 1/125 hutosha kumpata kichwa kikiwa kimetulia juu ya dunia iliyofutika. Inataka mazoezi mengi, na ni afadhali kufanyia mazoezi baiskeli barabarani kabla ya mbwa.

Sasa chukua picha uliyopiga kwa shata ya haraka bila kugeuka naye, uitazame miguu. Utakuta kanyagio moja lililoko chini limetulia, kucha zinaonekana, na mingine iliyoko hewani ina ukungu kuliko mwili. Hapana ajabu. Mguu ukikanyaga, unasimama kabisa juu ya nyasi huku mwili ukipita juu yake. Umebaki nyuma. Ili uwe tayari kukanyaga tena mbele, ukiwa hewani lazima uukimbie mwili wenyewe. Katika mnyama aendaye mita 17 kwa sekunde, kumbe mna kiungo chenye kasi sifuri na kingine chenye kasi ya kuupita mwili, kwa wakati mmoja. Shata haiwezi kuwaridhisha wote.

Hapa nina hadithi niipendayo. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imenyooshwa nyuma. Géricault aliwachora hivyo farasi wa mbio za Epsom mwaka 1821, na mchoro uko Louvre. Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia, farasi akawa anazifyatua mwenyewe kwa kukata nyuzi anapopita. Picha zikaonyesha kwamba farasi anayekimbia mbio zote huacha ardhi, ila ni pale miguu yake minne imekusanyika chini ya tumbo. Ule mnyoosho wa wachoraji haupo kwa farasi.

Upo kwa greihaundi. Mbwa huyu hupaa mara mbili katika kila mzunguko wa hatua: mara moja akiwa amejikunja, uti wa mgongo umepinda kama upinde na miguu ya nyuma imepita ya mbele, kisha mara nyingine akiwa amenyooka kabisa, kama mshale. Uti wa mgongo wake ndio injini ya pili. Farasi ana mgongo mgumu mno kwa kazi hiyo. Wale wachoraji, kwa maneno mengine, walimpa farasi mwendo wa mbwa.

Mizunguko hiyo ni kama mitatu na nusu kwa sekunde, kila mmoja karibu mita tano. Ule mpao wa kunyooka hudumu chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kidole cha mtu kinahitaji sehemu mbili za kumi kutii jicho. Ukisubiri umwone amenyooka ndipo ubonyeze, ameshatua, amejikunja, na yuko mita tatu na ushee mbele. Kwa hiyo bonyeza kabla, iache kamera ipige mfululizo, halafu kaa jikoni uchague. Greihaundi wengi wana kikapu cha plastiki mdomoni kwenye picha hizo, na watu huuliza kama ni wakali. Ngozi yao ni nyembamba kama karatasi ya sambusa. Wakikimbia kundi, jino la mzaha hupasua. Kikapu ni kwa ajili ya wenzao.

Nilimtumia mjomba wangu aliyeko Muscat picha moja ya mnyooko huo. Nilitarajia swali la mbwa kwenye kochi na udhu na mengineyo. Akajibu kwa sauti: "Huyo ni saluki bila nywele." Kisha akaeleza, kwa dakika sita, jinsi mabedui walivyomweka saluki mbali na mbwa wa kawaida, akaruhusiwa kuingia hemani. Hakumaliza bila kuuliza bei.

Turudi kwenye kochi, nyumbani kwa kaka, kwa sababu huko ndiko Kahawa aliko. Mbio zake ni za dakika mbili kwa siku. Baada ya hapo hulala, na kuamka kwake ni kubadili upande. Ngazi za nyumba zilimshinda wiki nzima, maana banda halina ngazi. Mlango wa kioo aliugonga kwa pua mara mbili. Nilidhani picha za ndani zingekuwa mapumziko.

Fikiria mkia. Una karibu nusu mita, ni mwembamba, na shemeji akiingia na sahani huanza kazi. Ncha yake hupita kama sentimita 60 kwenda na 60 kurudi, mara mbili kwa sekunde: mita 2.4 kila sekunde. Sebuleni mwanga ni mdogo, kamera imechagua 1/30. Gawanya. Ncha imesogea sentimita 8. Mbwa yule kule uwanjani, kwenye 1/1000, alisogea milimita 17. Kwa kamera, mkia wa mbwa aliyelala ni mwepesi mara nne na zaidi kuliko mbwa anayekimbia. (Kwa ukuta pia: mikia hii hujigonga hadi ikatoka damu, na nyumba ya kaka ina alama nyekundu kimo cha goti kwenye korido yote.)

Kisha pua. Toka nchani hadi jichoni kwa Kahawa ni sentimita 12. Ukimkaribia kwa simu, pua ikiwa sentimita 40 kutoka lenzi, jicho liko 52. Ukubwa wa kitu kwenye picha hufuata umbali, kwa hiyo pua imekuzwa kwa asilimia 30 kuliko jicho, na mbwa mwenye uso wa malkia anageuka kuwa mamba. Rudi nyuma hadi mita tatu: 312 kwa 300, tofauti ni asilimia nne. Uso umerudi wake. Umbali ndio unaofanya hivyo. Lenzi ndefu kazi yake ni kukurudishia ukubwa baada ya kurudi nyuma. Na fokasi iweke kwenye jicho. Pua ikififia kidogo, mtazamaji husamehe.

Rangi nayo ina fitina. Kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Mweke mbwa mweusi ajaze fremu, itaona giza na kuacha pazia wazi zaidi. Mbwa anatoka rangi ya majivu, dirisha linaungua likawa jeupe, na mkia, kwa kuwa muda umeongezeka, unafutika kabisa. Mpunguzie mwanga, na weusi wake unarudi, unaong'aa kama buni iliyokaangwa. Mabanda yamejaa mbwa weusi ambao kwenye picha za simu wanaonekana kama matundu yenye macho. Flashi usiithubutu: nyuma ya retina zao kuna utando unaorudisha mwanga, nao hutoka na macho ya kijani kama taa za lori.

Macho hayo yenyewe hayafanani na yetu. Sisi chembe za kuona vizuri tumezirundika katikati ya retina, kwenye doa moja. Mbwa wa pua ndefu amezitandaza kama utepe kutoka upande hadi upande, na macho yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona upeo wote wa uwanja kwa pamoja. Ndiyo maana unaponyata kando ya kochi ameshakuona zamani. Hageuzi kichwa, huonyesha tu weupe wa jicho. Nimeacha kunyata. Nakaa sakafuni karibu na dirisha, kamera mapajani, hadi asahau.

Jumapili moja alisahau. Alikuwa chali, miguu minne juu, mdomo wazi, meno ya mbele yakionekana. Shata 1/30. Nilipobonyeza, miguu ilianza kutikisika: alikuwa ndotoni, anakimbia. Kila kitu kwenye picha ile kimetulia, hata sharubu, isipokuwa makanyagio mawili ya mbele. Nilipima kisogeo cha makanyagio hayo kwa rula kwenye skrini nikakadiria milimita 7.

Picha hiyo ndiyo shemeji aliyoitundika sebuleni. Ile ya mshale, iliyonigharimu Jumamosi tano na suruali moja, iko chooni.